Baraka za Namnyaki

Ilikuwa miaka ile kafe za intaneti zilipoota Arusha kama uyoga, na Twahira alikuja hadi kijiji cha Olmotonyi kuzifanyia utafiti, si kubomoa nyumba ya watu. Asubuhi alimwuliza Mzee Lerionka swali lake la kwanza: intaneti imeiathiri vipi familia yako? Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Binti yangu, hapa kwangu haijafika hiyo. Hata umeme tunauona kwa jirani."

Twahira aliandika jibu hilo huku roho ikimsuta. Wiki iliyopita, kwenye kafe moja ya Sekei, mjini Arusha, Namnyaki, binti wa mzee huyuhuyu, alimweleza yote. Kuna mwanamume wa Afrika Kusini anayemwandikia barua pepe na kumwahidi ndoa. Hajawahi kumwona wala kusikia sauti yake, lakini atamfuata. Nyumbani atasema amepata chuo Dar es Salaam. "Dada, usimwambie mtu." Na Twahira, kama watafiti wanavyofundishwa, akaapa. Kuapa ni rahisi ukiwa umeshika kalamu!

Hakujua kwamba safari yenyewe ingekuwa leo.

Namnyaki alipiga magoti uani, begi pembeni. Baba yake alipiga funda la maziwa, akamnyunyizia kichwani kwa mdomo, akaanza kumwombea kwa lugha yao. Kila alipotua, mama na majirani walimwita Mungu kwa sauti moja: "Naai!" Twahira peke yake alifumba mdomo. Mzee akaliona hilo, akakatisha.

"Mgeni wetu haitikii. Baraka haziendi hivyo."

"Mwache, baba Namnyaki," mkewe akadakia. "Huyo ni Mwislamu."

Mlango wa kutokea ndio huo, na mwenye akili ya kujiokoa angepita. Namnyaki alimkazia macho akimsihi. Twahira aliogopa kuvunja kiapo, na alimwogopa zaidi yule mtu asiye na sura, katika nchi ambayo msichana huyu hana hata ndugu wa kumkimbilia. Akinyamaza sasa, yeye mwenyewe atakuwa amemsindikiza kwa mtu huyo.

"Si dini, baba," alisema. "Siwezi kuitikia uongo. Mwulize ni nani huyo wa kwenye intaneti anayemfuata."

Maziwa yalimchuruzika Namnyaki usoni, wala hakuyafuta.

"Uliniapia, dada," alisema. "Mimi nilikuamini wewe tu."

Twahira alisubiri mzee apige kelele, amfukuze, ainue fimbo. Mzee hakufanya hata moja. Alilichukua begi, akaliingiza ndani, akarudi taratibu na kuketi kwenye kigoda mbele ya mgeni wake.

"Lile swali lako la asubuhi," alisema. "Niulize tena."