Kikohozi cha Fundi Magodoro

Miaka arobaini Fundi Magodoro aliulaza mji mzima, na yeye mwenyewe siku hizi hulala ameketi. Ndiyo dunia hiyo. Vumbi la pamba na sufi lilimwingia kifuani tangu ujana, sigara zikamalizia kazi, na daktari alipompiga picha alimwambia mapafu yamechakaa, hayarudi kuwa mapya. Akampa pampu ya kuvuta mdomoni, akamwonya: "Kifua kikikubana kuliko kawaida yako, makohozi yakibadilika rangi, homa ikipanda, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo."

Aliyeijua kawaida yake ni mkewe, na mkewe yuko kaburini mwaka wa tatu huu. Mwana wao wa pekee yuko ng'ambo, hupiga simu Jumapili. Aliyebaki ni Mama Cherehani, mshonaji wa chumba cha pili, aliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao. Asubuhi Fundi akikohoa, mama huyo hugonga ukuta: "Umeamka, Fundi?" Naye hujibu, "Nimeamka, sijafa." Salamu ndiyo hiyo tu, na kwa mtu mpweke si haba.

Mpaka siku ile. Mteja wa gauni la harusi aliuliza kama jirani ana kifua kikuu, na Mama Cherehani, kwa kuogopa kumpoteza, akapaza sauti: "Fundi, hebu tuondolee hicho kikohozi! Unanifukuzia watu!"

Neno likishatoka halirudi. Fundi alijibu kupitia mbao, "Hutakisikia tena," na akatimiza, mkaidi yule! Alishona mto mnene, akaushindilia pamba, na kila kikohozi kilipokuja akauzika uso humo. Mwezi mzima. Salamu za asubuhi nazo zikafa, maana kikohozi cha kuziita hakikuwepo. Alijiambia hajali. Uongo mtupu, kila asubuhi alikaa akiutazama ule ukuta.

Ikaja wiki ya mvua, na homa ikaja nayo. Kichomi kikamshika ubavuni, makohozi yakawa rangi ya kutu. Onyo la daktari alilikumbuka vizuri sana. "Kifua hiki nakijua mimi," akasema, "kitapoa." Maana tangu aanze kuumwa kilikuwa kikimbana na kumwachia, kikimbana na kumwachia, akadhani na safari hii ni yale yale.

Jumapili mwana akapiga simu. "Baba, mbona maneno yanakatikakatika?"

"Mtandao," alisema Fundi, akatafuta pumzi. "Mtandao wa huko kwenu... mbovu."

Mwana akacheka, akaaga. Fundi akabaki ameishika simu, akitamani kumpigia amwambie ukweli. Akaona haya. Simu ikamponyoka, ikaingia mvunguni.

Jumatatu asubuhi hakuweza kusimama. Alivuta pampu mara nne, isimpe kitu. Hapo akaogopa, akaogopa kwelikweli, kwamba atafia pale kitini na watu watajua kwa harufu. Ng'ambo ya ukuta Mama Cherehani alikuwa akipiga soga na mteja: "Jirani yangu kapona siku hizi, hata hakohoi. Zamani alikuwa ndiye saa yangu, sasa nachelewa kuamka!" Wakacheka wote wawili.

Fundi akautupa mto. Leo nitakohoa, alijiambia, nitakohoa mpaka mbao zibanduke. Akafungua kinywa. Kikatoka kisauti kidogo, kama mtoto mchanga anayepiga chafya. Nguvu za kukohoa zilikuwa zimekwisha, na cherehani ikaanza kunguruma ikakifunika hata hicho.

Akaivuta fimbo yake ya kupigia sufi, akagonga ukuta.

"Nini tena?" Mama Cherehani akafoka. "Kelele za mashine zinakuudhi? Haya, leo ngoma droo!" Akaikanyaga mashine kwa nguvu zaidi.

Machozi yakamtoka mzee wa watu. Akagonga tena, na tena, bila mpangilio, mpaka fimbo ikamwanguka. Mashine ikanyamaza.

"Fundi?"

Hakuweza kujibu. Katika ukimya ule alisikia pumzi zake mwenyewe zikikoroma, akajua na jirani anazisikia. Miguu ikakimbia nje, mlango ukatikiswa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Fundi akajiangusha kutoka kitini, akatambaa hatua sita za chumba hicho, akipumzika kila hatua, akalivuta.

Mama Cherehani alisimama mlangoni, utepe wa kupimia ungali shingoni, akaiona midomo iliyogeuka buluu. "Mungu wangu! Mbona hukukohoa nikakusikia?"

"Ulinikataza," alisema Fundi. Hakuwa na kinyongo; hata pumzi ya kuwekea kinyongo hakuwa nayo.

Hospitali walisema ni nimonia, imeyakuta mapafu ambayo tayari ni mabovu, na kwamba angechelewa siku moja tu wangekuwa wanazungumza mengine. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano. Siku ya tatu nesi alimwinua, akamshikia bakuli kidevuni. "Kohoa, baba. Utoe huo uchafu, ndiyo kupona kwenyewe."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinane, na ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Kikohozi kikampanda kooni, mara hii kina nguvu zake. Fundi akakibana. Akageuza macho mpaka miguuni pa kitanda, alipokuwa amesimama Mama Cherehani, akamtazama, kifua kikimtetemeka.

Nesi hakuelewa anangoja nini. Mama Cherehani alielewa, na akajifunika uso kwa viganja.

"Kohoa, Fundi," alisema. "Nakusihi, kohoa."