Mstari wa Mshazari kwenye Kadi za Sikuzani

Wajukuu zangu, nitegulieni hiki: nina kichwa cha chuma, nikizimwa nasahau yote niliyofundishwa. Mkishindwa, nipeni Tabora nzima.

Ni mashine ya hesabu, kompyuta ya zamani, aliyoifanyia kazi shangazi yenu Sikuzani, huko Dar es Salaam, miaka ile watu wakihamia vijiji vya Ujamaa. Aliilisha vipimo vya mvua za Tabora za miaka mingi, ikajua mwendo wake hata ikaweza kukisia mvua ijayo. Lakini ikizimwa, imesahau. Basi yale iliyojifunza akayatoboa kwenye kadi ngumu, kasha zima. Ikirudishiwa kadi kwa mpangilio wake, inakumbuka bila kufundishwa upya. Zikichanganyika, ni takataka.

Alikuja nazo likizo hapa Tabora, maana ofisini hakumwamini mtu. Siku ya kurudi, pale stesheni, jirani yetu Shomari aliyembebea kasha akajikwaa. Kadi zikamwagika mbele ya behewa.

Wakubwa wa Sikuzani walikuwa wakiisubiri kazi ile wapate kuviambia vijiji vipya vipande mbegu lini.

"Shomari," nikasema, "babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe kasha la kadi limekushinda?"

"Pembe hazitelezi, mama."

Sikuzani hakulia. Alipiga magoti mavumbini na gauni lake la safari. "Mama, tazama ubavuni mwa kadi. Unazikumbuka mbao za duka la Rasiklal?"

Nisizikumbuke vipi, na cherehani yangu ilikaa barazani pake? Mbao za kufungia duka zilipakwa mstari mmoja wa rangi, mshazari, kutoka juu ya ubao wa kwanza hadi chini ya ubao wa mwisho. Jioni Sikuzani, angali mtoto, ndiye aliyezipachika. Mstari ukikatika, kuna ubao umekosewa. Na kadi zake, zikiwa zimepangwa, alikuwa amezichora vivyo hivyo ubavuni, kwa wino mwekundu.

Tukazipanga sote watatu, alama za juu mbele, za chini nyuma. Treni ikapiga honi. Shomari akaokota ya mwisho, akaichomeka mwenyewe. Mstari ukanyooka.

Mvua zilipokaribia, Sikuzani alipiga simu dukani kutoka Dar es Salaam. Rasiklal alinipa salamu huku akifunga duka: "Binti yako anasema imekumbuka."

Nikamwomba anipishe. Ubao wa mwisho nikaupachika mimi.