Kamba ya Tingatinga

Siafu mimi siwaogopi, nawaheshimu, na hayo ni mambo mawili. Niulize nikuambie. Wale wadogo wa mbiombio ndio wachukuzi. Wale wenye vichwa vikubwa na taya kama makasi ni askari: kazi yao ni kusimama kando ya njia midomo wazi na kumng'ata yeyote anayeleta ujinga. Ukiona wadogo wamebeba watoto weupe, hao wanahama tu. Waruke uende zako. Ukiona midomo mitupu na wametandaa kama uji uliomwagika, ujue wanakuja kula.

Siku ile midomo ilikuwa mitupu.

Walitoka upande wa msitu baada ya mvua ya mchana, wakapita kwenye miwa, wakaelekea kibanda cha Tingatinga. Tingatinga ni fahali wa mume wangu, Likhanga, na asubuhi iliyofuata alikuwa apigane na fahali wa Shitsama, yule jirani mwenye maneno mengi kuliko redio. Likhanga alikuwa amekwenda kuwaita wapiga ngoma za isukuti, na wanaume wote wa boma wakamfuata, maana kuita ngoma ni kazi ya mtu mmoja lakini pombe yake ni ya wote. Nyumbani tukabaki mimi na mama mkwe wangu, Khasandi.

Kwetu Isukha, fahali akishaingizwa kibandani kungoja pambano, mwanamke hamgusi, wala kamba yake haigusi. Akiigusa, nguvu za fahali zimekwisha. Mama Khasandi ndiye aliyenifundisha hilo nilipoolewa, kabla hata hajanionyesha kisima.

"Mwaga majivu," akasema.

Nikamwaga majivu. Siafu wakayazunguka. Tingatinga alikuwa amefungwa kwa kamba fupi, pembe kwa nguzo, asije akajichosha. Wakaanza kumpanda miguu. Akapiga kwato, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe. Wakifika puani na machoni, basi, hatuna fahali.

"Mama, namfungua."

"Wee Imali! Koma! Unataka kumuua?"

"Hao siafu ndio watakaomuua. Ng'ombe aliyekufa atapigana na nani kesho?"

"Basi ikate kwa panga. Usiiguse."

"Niikate kamba ya marehemu baba? Likhanga atamwongoza na nini kesho, na leso yangu?"

Kamba ile ya ngozi aliiacha baba mkwe, na Likhanga aliipenda kuliko sisi sote. Mama alikuwa ameshika nguzo ya ua, macho hayabanduki kwenye ile kamba. Nilidhani ni hasira.

Nikaingia. Fundo lenyewe halikuonekana kwa wingi wa siafu. Waliniuma vidole, shingo, na pengine ambapo sitakutajia, nami niliwatukana mpaka kwa mama zao. Fundo likalegea. Tingatinga akanipita nusura anikanyage, akateremka mbio hadi mtoni, akasimama kwenye maji mpaka tumboni. Nikamfuata, nikaanza kumtoa askari puani. Askari wa siafu ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Hata vidoleni mwangu vilibaki.

Likhanga aliporudi alimkuta fahali mtoni, pua imevimba. Akaenda kibandani, akarudi na kamba.

"Haijakatika," akasema polepole. "Nani ameifungua?"

"Ni mimi," akasema Mama Khasandi.

Ebo! Nilidhani jua limempiga kichwani. Lakini mimi si wa kufichwa nyuma ya gauni la mtu. Nikanyoosha vidole, vile vichwa bado vimeuma.

"Mama anakudanganya. Ni mimi."

"Umeniua, Mama Ambani!" Likhanga akanipigia kelele. " Shitsama atanicheka mpaka kaburini. Simpeleki!"

"Usimpeleke. Mwambie Shitsama umeshindwa na vidole vya mkeo hata kabla ya fahali wake."

Akatema mate, akaondoka. Asubuhi alimpeleka.

Umbea ulikuwa umetutangulia uwanjani. "Mleteeni gauni!" Shitsama akapiga kelele. "Tingatinga amekuja na mama yake!" Watu wakacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu nilimjua Tingatinga.

Fahali wa Shitsama ni mkubwa, hilo simnyimi. Alisukuma, Tingatinga akarudi nyuma mpaka watu wakaanza kutawanyika. Kisha ile pua iliyovimba ikagongwa. Haki ya Mungu, hasira zote za siafu zilimtoka pale. Aliinamisha shingo, akasukuma, akasukuma, hadi yule mwingine akageuza mkia na kukimbilia kwenye mboga za watu. Isukuti zikalia!

Wanaume wakamzingira Likhanga. "Ulimpa dawa gani, bwana?" Mwenye fahali hajibu swali hilo, hucheka tu. Likhanga akawapita, akaja moja kwa moja walikosimama wanawake, akaushika mkono wangu uliovimba kama andazi, akauinua juu.

"Dawa ndiyo hii! Shitsama, njoo uione!"

Nilifurahi, nikufiche ya nini? Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mama Khasandi peke yake hakupiga. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, ile kamba iko mapajani, anaipapasa pale palipokuwa na fundo.

"Mama, tumeshinda. Mbona umenyamaza?"

"Fahali wa mwisho wa baba mkwe wako, unajua alikufaje?"

"Si walisema ni ugonjwa?"

"Siafu. Alikuwa kwenye kamba hii, na nyumbani nilikuwa peke yangu. Nilisimama pale pale nikashika nguzo, naye alinililia mpaka akanyamaza. Nilitii, Imali. Na walinisifu."

Niliikumbuka ile "ni mimi" yake ya jana. Nikamwinua, nikamwita mume wangu.

"Baba Ambani, leo fahali anarudishwa nyumbani na mama."

Likhanga akafungua mdomo akatae. Akamtazama mamake usoni, akaufunga. Kisha akamshika Tingatinga pembe, akamtuliza, akangoja mama afunge fundo mwenyewe.

Tulirudi na ngoma na nyimbo, wanaume wote nyuma. Mama Khasandi alikuwa mbele, kamba mkononi.