Pumzi ya Gumato

Mzee Godhana alikuwa amechoshwa na mashine yenye pua. Ukimsalimu anakurudishia nusu salamu, halafu anaanza: eti sanduku limetoka Nairobi mpaka Garsen kumnusa mke wake, na bado halijasema kitu.

Mambo yenyewe yalianza na kikohozi. Tangu yale mafuriko ya El Nino, mto Tana ulipowatoa watu majumbani wakakaa juu ya tuta pamoja na ng'ombe na nyoka, Gumato alikuwa akikohoa. Watu walisema ni baridi ya maji, itaondoka. Haikuondoka. Halafu binti yao Mariam akaja kujifungulia kwa mama yake, akapata mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, na Gumato akakataa kumshika. Akawa anakaa kando, mtandio mdomoni, anamwangalia mtoto kwa mbali kama anaangalia ndama wa jirani.

"Mpaka nijue hii ni TB ama si TB," alisema, na kwa Gumato neno likishatoka limetoka.

Sasa huko kujua ndiko kulikomshinda Godhana. Johnson, daktari wa zahanati, alitaka makohozi kwenye kikopo. Gumato akaleta mate. Akapewa kikopo kingine, akaleta mate tena. "Mama, nataka kitu cha ndani kifuani," Johnson alimwambia, na Gumato akaangalia ukuta. Ndipo Johnson akasema kuna mgeni anaitwa Mwaringa, ana mashine ya majaribio inayonusa pumzi. Kila ugonjwa una harufu yake, na hii inafundishwa harufu ya TB. Mgonjwa anapuliza tu kwenye mfuko, basi. Dawa haitolewi kwa neno la mashine peke yake, lakini angalau itawaonyesha pa kukazania.

Godhana akarudi nyumbani na furaha, akatangaza kwamba Gumato ataenda kunuswa.

Hapo ndipo walipokosea. Ukimwambia mwanamke wa Kiorma kwamba kesho atanuswa na mgeni, unafikiri atakaa hivi hivi? Wanawake wa boma zima walikuja. Wakampaka samli kwenye nywele, wakamkalisha juu ya moshi wa ubani amejifunika shuka mpaka jasho likamtoka, wakampa karafuu atafune njia nzima. Alipoingia zahanati, hata wagonjwa waliokuwa wamelala waligeuka kuangalia.

Mwaringa akaunga waya kwenye betri ya gari, akaupachika ule mfuko uliojaa pumzi ya Gumato. Mistari kwenye kioo ikapanda yote kwa pamoja.

"Mzee, huyu mama amekula duka la ubani?"

"Si mlisema mnamnusa? Mlitaka aje ananuka?"

"Ndiyo, mzee. Nilitaka aje vile anavyonuka."

Godhana akamgeukia Johnson aone kama huyu mtu akili yake ni nzima. Johnson alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye droo, mabega yanatikisika.

Safari iliyofuata Gumato alioga kwa maji matupu, kichwa amekisugua mpaka samli yote imetoka, nguo imefuliwa bila sabuni. Amenuna njia nzima, maana hivyo ndivyo mtu anavyokwenda akiwa na msiba. Akapuliza. Mwaringa akatazama kioo, akakuna kidevu.

"Anavuta sigara?"

Godhana akasimama. "Rudia."

"Mashine inaona moshi, mzee."

"Mke wangu nilimwoa msichana. Sijaona hata ameshika kiberiti cha mtu mwenye sigara."

Gumato mwenyewe alicheka ndani ya mtandio mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Ikabidi Godhana aeleze jambo ambalo hata ndama analijua: asubuhi mama amekunywa maziwa, na maziwa yanakaa kwenye kibuyu, na kibuyu kinafukizwa kwa kijinga cha moto ndio maziwa yakae vizuri.

"Basi anywe yasiyofukizwa," alisema Mwaringa.

"Hayo mpe paka," alisema Gumato. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia.

Mwisho akaenda na njaa yake, tumboni maji tu. Mistari ikatulia. Godhana akavuta kiti karibu.

"Iko katikati," alisema Mwaringa.

"Katikati ya nini?"

"Haijui, mzee. Imefundishwa na pumzi za watu wa Nairobi. Ya watu wa huku bado inasoma."

"Inasoma darasa la ngapi?"

Mwaringa akafikiri. "La kwanza. Sitaki kukudanganya."

Nje, Godhana akapasuka. Hakumpasukia Mwaringa, alimpasukia mke wake. "Mfuko unapuliza. Njaa unakaa. Kitu kidogo, kutema kwenye kikopo, hutaki. Ni nini, Mama Mariam? Unataka mtoto akue hujamshika?"

"Lile sanduku halinisimamii kichwani," Gumato alijibu. "Wewe alfajiri unakuja na kikopo, unasema kwa sauti, kohoa, kaza, leta cha ndani. Na Guyo yuko hapo nje amekuja kumwona mtoto wake. Mimi nikohoe nitoe makohozi mkwe wangu anasikia?"

Hapo Godhana akaelewa kosa lake. Maana mbele ya mkwe Gumato hata chakula hali, na Guyo kweli hukosi kumkuta pale kila alfajiri, kijana ana furaha ya mtoto. Godhana akarudi ndani akaomba kikopo.

Alfajiri akamngojea Guyo njiani, akamshika mkono.

"Twende uangalie ng'ombe."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Yule."

"Anaumwa nini?"

"Ndio twende uangalie."

Wakamzunguka yule ng'ombe mzima wa afya mpaka jua likachomoza, Guyo akimkagua kwato, Godhana akimwambia aangalie na masikio. Kule nyumbani Gumato akawa peke yake na kifua chake, na safari hii hakuleta mate.

Johnson aliangalia kwenye darubini yake, akarudia kuangalia. "Ni TB, mama. Inatibika, lakini dawa usiache hata siku moja."

Gumato aliuliza jambo moja tu. "Nitamshika lini?"

"Ukinywa vizuri, baada ya wiki chache tutapima tena. Ikitulia, utamshika. Kwa sasa mwone nje penye hewa, na kwa umbali."

Akameza vidonge vya kwanza palepale, akatoka. Mariam alikuwa amewafuata zahanati, amesimama ng'ambo ya ua, mtoto amemfunika kwa sababu ya vumbi. Gumato akakaa barazani, upande ambao upepo haumwendei mtoto.

"Mwambie amfunue uso," alimwambia mumewe. "Na asogee kidogo kwenye mwanga."

Godhana, na uchovu wake wote, akaenda kusema.