Pikapu ya Mzee Dadi Inavujia Wapi

Pikapu ya Mzee Dadi wa Bigwa ilikuwa inavuja oili, na kila aliyeichungulia alisema injini imekwisha. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshabadilisha gasketi ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, lakini baada ya safari moja tu ya Mgeta kuchukua karoti, uvujaji ukarudi palepale. Majirani wakamshauri mzee aiuze kama chuma chakavu.

Zuhura, binti yake, alikataa. Tangu macho ya baba yake yaanze kufifia, yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha, na alijua injini ile bado ina nguvu.

"Baba, wote wanatazama inapodondokea," alisema. "Mimi nataka kujua inapoanzia."

Mzee akacheka kwa furaha. "Basi ioshe kwanza. Kwenye uchafu huo hutaona kitu. Halafu anza kutazama juu, maana oili inateremka."

Zuhura akaiosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni, akaiacha ikauke juani, kisha akainyunyizia poda ya mtoto wake mpaka ikawa nyeupe. Akaiwasha palepale uani na kuiacha ingurume. Hakikudondoka kitu.

"Hapa haifanyi kazi yoyote," mzee alisema. "Ipeleke mlimani."

Wakaenda wote wawili. Walipopita Mlali na kuanza kupanda, Zuhura alikanyaga mafuta kwa gia ya pili mpaka kwenye kona ya juu, akaegesha pembeni, akaweka jiwe nyuma ya tairi na kufungua boneti.

"Niambie unachoona," baba yake alisema.

"Juu kote kweupe. Huku pembeni pia... Subiri." Akawasha tochi ya simu, akainama. "Kuna mchirizi, baba! Unaanzia kwenye kale kaswichi kenye waya mmoja, karibu na filta. Unashuka nyuma ya injini mpaka kwenye sampu."

"Swichi ya oili!" Mzee akapiga bodi kofi. "Presha ikipanda ndipo inapotema. Ndiyo maana ikisimama gereji haionekani!"

Wakaongeza oili, wakarudi mjini taratibu. Zuhura akanunua swichi mpya na kuifunga mwenyewe. Baba yake alikaa kando akimsikiliza anavyokaza spana, na hakumwelekeza hata neno.

Kesho yake wakapanda tena mpaka Mgeta, na chini ya injini palikuwa pakavu. Devotha, mkulima waliyezoea kumchukulia karoti, akaja mbio, Zuhura akiwa ameshashuka na kubeba gunia la kwanza.

"Shikamoo, Mzee Dadi! Kumbe gari limepona? Umempata wapi fundi?"

"Marahaba." Mzee akashuka, akanyoosha kanzu yake, akapaza sauti ili waliokuwa wakipakia magari mengine nao wasikie. "Fundi ni huyo anayebeba gunia lako. Mwanangu."

Zuhura aliinama kuficha tabasamu. Kisha akaona afiche kwa nini. Akasimama wima, kucha zake bado zina weusi wa oili, akaacha watu wamtazame.