Kapasita Sita za Ofisi ya Ramani

Jumanne moja ya Februari mwaka 2002, saa nne asubuhi, Priska alifungua kompyuta ya ofisi moja ya ramani mjini Dodoma, akachomoa kadi ya picha. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, zawadi ya mwekezaji aliyetaka kiwanja cha kituo cha mafuta. Kapasita sita za kadi hiyo, vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, mbili zikivuja maji ya kahawia. Ndiyo maana ramani ilitetemeka kwenye kioo, na kwa wiki tatu hakuna nyumba iliyofutwa kupisha viwanja.

Kapasita mpya hazikuwepo. Priska aling'oa nyingine kwenye redio ya mama yake, Dorothea, aliyokuwa nayo mkobani, akazipachika moja moja, mstari mweupe upande wa hasi, akayeyusha risasi ya kuunganishia, akapuliza moshi.

"Dada fundi, unatengeneza mashine au unasuka nywele?" aliuliza Wambura, bwana ramani.

"Nikiharakisha, bosi, utaniita tena kesho."

Kioo kiliwaka. Ramani ilitulia, ila sasa nyumba zilikuwa na moshi wa jikoni na nguo kwenye kamba. Kando ya njia ya Hombolo, juu ya paa bapa la tembe lao la udongo, Dorothea alikuwa anaanika majani ya mlenda.

"Priska, umekula?" aliuliza kutoka kwenye kioo.

"Bado, mama."

Wambura alivuta kiti. Kazi ya fundi hujaribiwa mbele yake kabla hajaondoka, na tembe hilo ndilo lililokuwa kwenye kiwanja cha mwekezaji.

"Bosi, ngoja ashuke kwanza," alisema Priska.

"Shikamoo, mama," alisema Wambura.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akabonyeza.

Tembe lilifutika, na zizi, na mlenda wake. Dorothea alibaki amekaa kwenye weupe wa kioo, akikung'uta khanga. Wambura alisaini karatasi ya kazi.

Mchana Priska alikwenda nyumbani akakuta ardhi imesawazishwa, hata majivu ya jikoni hayapo, mama yake hayupo. Akarudi ofisini. Dorothea alikuwa palepale, anaomba maji. Priska alichukua bisibisi aing'oe kadi, lakini alipoilegeza kidogo tu mama yake alikatika mistari mistari, akalia. Priska akakaza skrubu.

Tangu hapo alilala kwa jirani, ng'ambo ya barabara kutoka kiwanja cha tembe, na kila asubuhi alipita ofisini kumsalimu mama yake. Wambura hakumzuia, alimwomba tu asizibe kioo.

Mwezi wa nane kapasita mbili zilivimba tena.

"Hii tunaitupa," alisema Wambura. "Tutaletewa nyingine."

"Usitupe, bosi. Nitaitengeneza bure."

Alichagua kapasita nzuri, za volti kumi. Picha ikatulia kuliko mwanzo. Wambura alimshukuru sana, akavuta kiti, akaanza kufuta nyumba za ng'ambo ya barabara, alikolala Priska. Dorothea alisogea kidogo kuupisha mshale.