Barua ya Mama Mwenye Kidonda

Wiki nzima haikuja barua hata moja ya msikilizaji, kwa hiyo Jovelyn akaiandika mwenyewe. Kazi yake redioni ilikuwa hiyo: kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na bei ya mpunga, asome barua ya mtu aliyeponywa na vidonge vya mlonge vya mdhamini wa kipindi. Mgonjwa wa kisukari aliyemjua ni mmoja tu, Nanay, mama yake. Akachukua kidonda cha Nanay, cha kidole gumba cha mguu wa kushoto, akambandikia mwanamke asiyekuwepo wa kijiji cha mbali, akamponya kwa siku kumi na mbili.

Jumapili iliyofuata akamkuta Nanay anameza vidonge vya mlonge kwa kahawa. Dawa za zahanati zimefungwa fundo kwenye mfuko, zinaning'inia nyuma ya mlango.

"Nanay, hizi mbona hunywi?"

"Za nini tena? Yule mwenzangu aliacha zake siku ya tatu. Si ulisoma mwenyewe?"

Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Kitambaa alichokifungia kilinuka.

Jovelyn, ambaye nyumbani maneno humkwama kooni tangu utotoni, akatazama sakafu. "Hayupo, Nanay. Nilimtunga."

Nanay akacheka. "Nani kakutisha, Inday, binti yangu? Daktari?"

"Kidonda ni chako. Nilikiandika mimi."

"Ulipovunja chungu changu ukasingizia paka, ulitazama chini hivyo hivyo. Redioni ulisoma umenyooka, mpaka majirani wakanisifia. Huyo ndiye ninayemwamini."

Kadiri Jovelyn alivyoeleza, sauti yake ilizidi kufifia. Na kadiri ilivyofifia, Nanay alizidi kuwa na hakika.

Jumatatu akaingia chumba cha kutangazia, kisicho na dirisha ila kioo kimoja. Nyuma ya kioo aliketi mzee Nestor, mwenye kipindi, ambaye wote walimwita Manong kwa heshima, akitafuna mkate.

"Manong, naomba nisahihishe ile barua."

"Usahihishe nini? Mdhamini keshalipia mpaka Krismasi. Soma, mwanangu."

Taa nyekundu ikawaka. Jovelyn akaiacha mezani karatasi ya barua ya siku hiyo, akasogelea maikrofoni.

"Nanay Pacing, nyumba ya nyuma ya kanisa. Barua ya mama mwenye kidonda niliiandika mimi, binti yako. Hakuna aliyepona. Kunywa dawa za zahanati, na leo twende tukaoneshe kidole."

Mkono wa Manong ukaruka kwenye vitufe. Wimbo ukaanza. Akafungua mlango, makombo bado mdomoni. "Basi, Inday. Ufunguo uache mezani."

Nyumbani redio ilikuwa bado inaimba. Nanay ameweka mguu juu ya kigoda, mfuko wa dawa mapajani. Hakumtazama.

"Umenitangazia kidonda mji mzima."

"Ndiyo, Nanay."

"Na hukukwama hata mara moja."

Weusi wa kidole ulikuwa umeenea tangu jana, umefika kwenye unyayo. Nanay akamnyooshea mfuko.

"Nifungulie hili fundo, vidole havina nguvu. Kisha kaite bajaji."